Mkutubi wa kampuni Kigoma na wasomaji walio nchi nne: aanzie wapi?

Mkutubi wa Bandarini (Kigoma)

Salaam kwenu, wakutubi wenzangu. Ninatunza maktaba na majalada ya kampuni ya usafirishaji na uwakala wa forodha hapa Kigoma mjini. Zamani wasomaji wangu wote walikuwa ndani ya jengo moja, na aliyehitaji waraka alikuja mezani akaniuliza. Sasa kampuni ina ofisi Bujumbura na Kalemie (upande wa Kongo), ina mshirika Mpulungu upande wa Zambia, na wabia wengine wako Ulaya. Maswali yanaingia kwa barua pepe na WhatsApp, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na mara nyingi swali lile lile linaulizwa na watu watatu ambao hawajui kwamba mwenzao ameshajibiwa. Juzi mkurugenzi alitaka kujua kama maktaba bado ina kazi, ikiwa kila mfanyakazi ana intaneti mkononi na anaweza kuiuliza akili unde jambo lolote. Sikuliona swali lake kuwa la dharau. Ni swali la mtu anayepanga bajeti. Naomba mnisaidie kwa mambo ya utendaji: mkutubi wa kampuni ajipange vipi ili awafae wasomaji waliotawanyika namna hii?

Forodhani Ujiji

Ndugu yangu, anzia pale ambapo utafutaji wa haraka unawapotosha watu wako, yaani kwenye kanuni za biashara ya Ziwa Tanganyika. Watu wanaona maji mamoja na kudhani kanuni ni moja. Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), lakini ilijitoa COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) mwaka 2000. Burundi imo Afrika Mashariki na COMESA. Zambia imo SADC na COMESA, wala haimo Afrika Mashariki. Kongo, tangu ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, imo katika zote tatu, na zaidi ya hapo sheria zake za kampuni na biashara zinafuata OHADA, mfumo wa sheria za biashara unaotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, ambao iliingia mwaka 2012. Kwa hiyo mzigo ule ule ukitoka gati moja la Kigoma unaweza kuhitaji cheti tofauti cha uasili wa bidhaa kulingana na bandari unakoshushwa. Afisa mauzo akitafuta peke yake atapata waraka, tena wenye nembo na mihuri yote, ila hatajua kama ndilo toleo linalotumika au lilishafutwa.

Ningekuwa wewe ningeandaa ukurasa mmoja kwa kila njia, Kigoma hadi Bujumbura, Kigoma hadi Kalemie, Kigoma hadi Mpulungu, unaotaja mkataba unaohusika, vyeti vinavyotakiwa, lugha ya nyaraka, tarehe ulipohakiki mara ya mwisho na jina la aliyehakiki. Hayo mawili ya mwisho ndiyo mkurugenzi wako hawezi kuyapata kwenye akili unde, kwa sababu hakuna anayewajibika kwa jibu lile.

Kuhusu lugha, usijaribu kutafsiri maktaba nzima. Tumia namba. Namba za forodha za HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, zina tarakimu sita za mwanzo zinazofanana duniani kote, na zinazofuata hupangwa na kila nchi au jumuiya. Saruji iko chini ya 2523, iwe Kigoma au Kalemie, na msomaji wa Kifaransa akiandika namba hiyo anafikia jalada lile lile analofikia msomaji wa Kiswahili. Wakutubi tuliijua njia hii mapema: Paul Otlet na Henri La Fontaine wa Ubelgiji walipoandaa uainishaji wao wa desimali mwanzoni mwa karne iliyopita, walitaka namba zivuke mipaka ya lugha. Tahadhari moja tu: HS hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Toleo la sasa ni la 2022, na lijalo litaanza kutumika Januari 2028, kwa hiyo andika toleo kando ya kila namba.

Asali ya Nyuki Wadogo (Tabora)

Naunga mkono, na naongeza mfano wa huku kwetu. Nafanya kazi ya nyaraka katika kampuni inayouza asali nje. Mnunuzi wa Ulaya aliwahi kutuandikia kwamba shehena yetu imezidi kiwango cha HMF, kemikali inayoongezeka asali inapopata joto au kukaa muda mrefu, kwa kuwa kikomo ni miligramu 40 kwa kilo. Maabara ilikuwa imepima juu kidogo ya 50. Uongozi ulikuwa tayari kupunguza bei. Nilifungua kiwango cha asali cha Codex (viwango vya kimataifa vya vyakula) pamoja na sheria ya asali ya Umoja wa Ulaya, yaani Maelekezo ya mwaka 2001, na vyote viwili vinasema kwamba asali iliyotajwa kuwa inatoka maeneo ya joto la kitropiki inaruhusiwa hadi miligramu 80. Sharti ni kwamba asili yake iwe imetajwa, na kwenye karatasi zetu haikutajwa ipasavyo. Tulirekebisha karatasi, tukambandikia mnunuzi kifungu chenyewe, na bei haikuguswa.

Mtafutaji wa kawaida angeishia kwenye 40, kwa sababu ndiyo namba inayorudiwa kila mahali. Tena sheria hiyo ya Ulaya imerekebishwa mwaka 2024: kuanzia tarehe 14 Juni 2026 lebo ya asali iliyochanganywa inatakiwa kutaja kila nchi ya asili pamoja na asilimia yake. Ndugu wa Bandarini, mpelekee mkurugenzi kisa kimoja cha namna hiyo kutoka kwenye majalada yako, chenye fedha iliyookolewa. Takwimu za idadi ya wasomaji hazitamgusa.

Dada wa Leseni (Kigoma)

Mimi nina neno fupi. Kabla ya kuwatumia wenzako wa Bujumbura makala au ripoti mliyoilipia, soma leseni, kwani nyingi zinahesabu eneo au idadi ya watumiaji, na ofisi ya nchi nyingine si eneo lenu. Huduma za Research4Life, zinazotoa majarida ya utafiti bure au kwa bei nafuu, ni za taasisi za umma na zisizo za faida, kwa hiyo kampuni isiazime nywila ya rafiki aliyeko chuoni. Majalada yenye taarifa za wafanyakazi au wateja nayo yasivushwe mpaka kabla ya kuangalia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Mkutubi wa Bandarini (Kigoma)

Nawashukuru sana. Nitaanza na njia ya Kalemie. Kuna jambo moja limenikwamisha: amri na matangazo mengi ya upande ule hayapandishwi mtandaoni kabisa, au yanapandishwa yakiwa yamechelewa. Mnayapataje?

Forodhani Ujiji

Kwa watu. Mtafute mtu mmoja katika ofisi yenu ya Kalemie, karani wa forodha anafaa kuliko meneja, apige picha kila tangazo linalobandikwa ukutani na kukutumia siku hiyo hiyo, likionyesha muhuri na tarehe. Wewe ulisajili, ulipe namba, kisha umrudishie yeye kwanza muhtasari wa Kiswahili, ili aone faida ya kazi yake. Mkipangiana muda, andika saa ya kwenu na ya kwao, kwa kuwa Kalemie, Bujumbura na Mpulungu wako nyuma yetu kwa saa moja; ukimpigia saa mbili asubuhi ya Kigoma, kwake ni saa moja na huenda ofisi bado haijafunguliwa. Na mwombe mkurugenzi aiandike kazi hiyo kwenye majukumu yake, kwa sababu msaada wa hisani hukoma karani anapohamishwa.