Kadi ya grafiki ya mtumba: mtaji wa mcheza gemu au taka tunayojiuzia?

Mleta mada, Mafiati (Mbeya):
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wacheza gemu hapa mjini limezuka zogo. Mwenzetu anadai anayeunda kompyuta ya gemu leo kisha akachomeka kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu kwenye skrini) ya mwaka 2016 anachezea hela, na kwamba kadi hizi zingepigwa marufuku mpakani maana tunageuzwa jalala. Napinga. Kadi ya zamani haina kosa. Kosa liko kwenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), na kwa muuzaji asiyesema kadi imetokea wapi.

Wengi wetu tunaanzia kwenye deskitopu ya ofisini ya mtumba: Dell OptiPlex, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, ramu GB 8. Kama una GTX 1060 ya GB 6 (kadi ya NVIDIA ya 2016) imelala kabatini, uanze upya kwa nini? Inakula wati 120, inataka waya mmoja wa pini 6, na gemu za mpira na za kurushiana risasi ambazo vijana wanazicheza kila jioni inazimudu vizuri kwenye skrini ya 1080p. Hela ya kadi mpya peleka kwenye SSD (diski ya kasi) na ramu ya pili.

Sasa panapouma. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290 isiyo na waya wa kadi. Watu wanafanya ujanja: wananunua kiunganishi kinachochota umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski. Plagi hiyo imepimwa kubeba wati 54 tu kwenye volti 12, wakati kadi ina haki ya kuvuta hadi 75 kwenye pini 6. Nimeshika moja iliyotoka kwenye mashine ya kibanda cha gemu: plastiki imegeuka kahawia, pini mbili zimeng'ang'aniana, harufu bado ipo. Halafu lawama zote anabebeshwa kadi! Kubadilisha pawa saplai nako kuna mtego, maana mazabodi (bodi kuu) ya 9020 ina plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo unahitaji waya wa kubadilishia. OptiPlex 7010 inapokea 24 bila shida.

Fundi, Mwanjelwa:
Hapo kwenye pawa saplai nakuunga mkono mia kwa mia. Ila usizitakase kadi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, mizigo ya kadi zilizochoshwa ilimwagwa sokoni, RX 580 za AMD zikiwemo kwa wingi. Kuchimba peke yake hakuiui kadi. Kinachokufa ni feni na pedi za joto, na hivyo vinabadilishika. Ninachokichukia ni udanganyifu. Kuna RX 580 iliyotengenezwa kwa soko la China, 2048SP, yenye kore (vitengo vya kukokotoa) 2,048 wakati 580 halisi ina 2,304. Boksi linasema 580, mteja anashangilia. Fungueni GPU-Z (programu inayoonyesha kadi ni ipi hasa) kabla ya kutoa hela.

Mwanafunzi, Iyunga:
Mkuu mleta mada, umeruka jambo kubwa. NVIDIA walitoa draiva (programu ya kuendeshea kadi) ya mwisho ya gemu kwa GTX 900 na 1000 Oktoba 2025. Zilizobaki ni za usalama tu hadi Oktoba 2028. Mwezi huohuo Windows 10 ikaishiwa msaada, na i5 ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Windows 11. Gemu ya Indiana Jones and the Great Circle haikubali kadi isiyo na rei tresingi (ukokotoaji wa miale ya mwanga) kwenye chuma chake. Unajenga juu ya vitu viwili vilivyostaafu.

Mleta mada:
Kweli, na anayetaka gemu mpya za gharama kubwa asinisikilize. Lakini nionyeshe kadi mpya ya bei ya chini unayoitaka badala yake. RX 6500 XT? Ina GB 4 na inatumia njia nne tu za PCIe, zile za kupitishia data kati ya kadi na mazabodi. Kwenye mazabodi ya zamani yenye PCIe 3.0 inapungukiwa kasi waziwazi. Bora 1060 yangu.

Mzazi, Uyole:
Mnasahau Luku. Nyumbani tuko kwenye bei ya shilingi 100 hadi uniti 75. Mashine ya wati 250, saa nne kwa siku, ni uniti 30 kwa mwezi. Tukivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mpya si zinakula kidogo?

Mleta mada:
Shikamoo mzazi. Zinakula kidogo, ila tupige hesabu. RX 580 ni wati 185, RX 6600 iliyo mpya zaidi ni 132. Kwa saa zako nne, tofauti ni kama uniti sita na kidogo kwa mwezi, yaani shilingi 2,200 hivi hata kwa bei ya juu. Akiba hiyo hairudishi gharama ya kadi mpya hata kwa miaka mingi. Punguza saa za kucheza, utaokoa zaidi (vijana mnisamehe).

Mwenye duka, Sokomatola:
Mnataka tuandike historia ya kila kadi. Sisi tunachukua kwa mzigo Kariakoo, hatujui ilichimba au ilikaa kwa bibi. Mkitulazimisha tutaacha kuuza, mtaagiza wenyewe.

Mleta mada:
Basi sihitaji karatasi, bosi. Niruhusu niiendeshe nusu saa dukani ikiwa na mzigo kamili, nisome joto, nisikilize feni, ndipo nilipe. Na ikifa ndani ya wiki mbili unirudishie.

Mwenye duka, Sokomatola:
Nusu saa nakupa, ila uje na pawa saplai yako. Wiki mbili hapana. Siku tatu, na stika yangu iwe haijabanduliwa.

Fundi, Mwanjelwa:
Siku tatu ni chache, feni mbovu inajificha. Saba tukubaliane?