Eldorado kuimeza Caesars: serikali ilipaswa kuuzuia muungano ule?

Kibatari (mleta mada)

Wakuu, mimi na shemeji yangu anayeishi Nevada, Marekani, tumebishana wiki nzima mpaka dada yangu ametunyang'anya simu. Nauleta ubishi hapa, mtuamue.

Kisa ni hiki. Mwaka 1973 familia ya Carano ilifungua hoteli yenye kasino mjini Reno, Nevada, ikaiita Eldorado. Miaka 40 hivi wakabaki watu wa Reno, ukiacha kasino yao moja ya Louisiana. Kisha wakaingiwa na njaa. 2014 wakaungana na kampuni ya MTR Gaming, wakapata kasino za West Virginia, Ohio na Pennsylvania pamoja na mlango wa kuingilia soko la hisa. 2015 wakachukua Circus Circus ya Reno na ile nusu ya kasino ya Silver Legacy ambayo haikuwa yao. 2017 wakainunua kampuni ya kasino ya Isle of Capri, dola bilioni 1.7. 2018 Tropicana, bilioni 1.85, wakisaidiana na kampuni iliyochukua majengo. Juni 2019 wakatangaza kumnunua Caesars mwenyewe, jitu la kasino la Las Vegas, kwa bilioni 17.3, karibu nusu yake ikiwa madeni ya Caesars waliyokubali kuyabeba. Tarehe 20 Julai 2020, kasino zikiwa ndiyo kwanza zinafunguka baada ya kufungwa kwa sababu ya corona, biashara ikakamilika. Chatu mdogo kammeza ng'ombe, halafu akajiita ng'ombe: jina la Eldorado likatoka kwenye soko la hisa, kampuni nzima ikawa Caesars Entertainment, zaidi ya kasino 50.

Mimi nasema ulipaswa kuzuiwa. Caesars ilikuwa imekwisha kutuonyesha njia hii inaishia wapi. 2005 Harrah's, kampuni nyingine ya kasino, iliinunua Caesars, na baadaye ikajiita kwa jina hilo la Caesars. Januari 2008 kampuni za uwekezaji za Apollo na TPG wakainunua Harrah's yenyewe kwa takriban bilioni 30, sehemu kubwa fedha za mkopo, na mwaka huohuo uchumi ukaporomoka. Januari 2015 kitengo chake kikuu kikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya ufilisi, deni bilioni 18. Nyumba imeungua kwa mafuta ya taa, wewe unamfungulia mlango mtu mwenye dumu jingine?

Shemeji anasema sijui biashara. Haya.

Hesabu Kali

Mpe shemeji yako pole na pongezi. Unachanganya vitu viwili, mkuu. Apollo na TPG hawakuunganisha kasino na kasino. Walinunua kwa mkopo na mkopo wakaubebesha kampuni. Eldorado ni waendeshaji, wamekulia sakafuni. Walipoingia Isle of Capri walifanya walilofanya kila mahali: ofisi kuu mbili zikawa moja, na ukarimu wa bure kwa wateja wasiorudisha kitu ukakatwa. Kwa Caesars waliahidi kuokoa dola milioni 500 kwa mwaka.

Na ushindani haufi kwa sababu mmoja kanunuliwa. Mwaka 2000 Kirk Kerkorian, mkubwa wa kampuni ya kasino ya MGM, aliinunua kampuni pinzani ya Mirage Resorts kwa bilioni 6.4, madeni yakiwamo. Ungedhani Steve Wynn aliyeijenga amekwisha. Mwaka uleule Wynn akanunua hoteli ya Desert Inn, akaibomoa, na 2005 akafungua Wynn Las Vegas palepale, mtaa mmoja na waliomnunua. Ukimzuia mtu kuuza, umemzuia pia kuanza upya.

Pwani Tulivu

Hiyo milioni 500 unayoiita akiba ni mishahara ya watu. Sema tu.

Hesabu Kali

Sehemu yake ni mishahara, ndiyo. Sijaficha.

Mama Vitanda

Nilitaka nisome tu nilale, nimeshindwa. Nimetandika vitanda Atlantic City, mji wa kasino wa jimbo la New Jersey, miaka kadhaa, katika hoteli ambayo siitaji jina, kwa hiyo naomba nisikilizwe kidogo.

Mnazungumzia 2020. Mimi nawarudisha 2014. Mwaka ule kasino nne zilifungwa pale, na watu wapatao 8,000 wakapoteza kazi. Ya kwanza ilikuwa Atlantic Club, mwezi wa Januari. Mnajua nani aliinunua? Washindani wake. Tropicana ikachukua mashine za sloti na meza, Caesars ikachukua jengo. Hawakuinunua waiendeshe, waliinunua wagawane, kama nguo za marehemu.

Tarehe 31 Agosti ikafuata Showboat. Hiyo ilikuwa ya Caesars, na ilikuwa inaingiza faida. Someni tena: faida. Caesars walikuwa na kasino nne mjini: Bally's, Caesars, Harrah's na Showboat. Wakasema mji una kasino nyingi kuliko wateja, wakafunga moja ili wateja wahamie kwenye zile tatu zao nyingine. Mwenye duka moja hawezi kufanya hivyo hata siku moja. Akifunga duka linalouza, kajiua. Mwenye maduka manne anaweza, tena anapata. Na walipoiuza Showboat wakaandika kwenye hati kwamba isitumike tena kama kasino.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mtu wa Haiti, alirudi siku ile na viatu vyake vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki, akaviweka juu ya kabati la jikoni. Vilikaa pale mpaka Krismasi. Hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Kwetu sisi tuliobaki, wenye hoteli walipobadilika, kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa idadi ya vyumba. Zamani 14 kwa zamu, kisha 16, saa zilezile. Tukaambiwa ndiyo kwenda na wakati.

Hesabu Kali

Pole sana dada yangu, nasema kwa moyo. Ila tusisahau kilichoiua Atlantic City. Pennsylvania, jimbo jirani, ilianza kufungua kasino zake mwaka 2006. Mwaka ule Atlantic City iliingiza bilioni 5.2 kutoka kwa wachezaji. Kufikia 2013 ilikuwa chini ya bilioni 3. Wateja wa Philadelphia walipata sloti karibu na nyumbani, wakaacha kupanda basi. Kungekuwa na muungano au kusingekuwa, kuna waliokuwa lazima wafunge.

Mama Vitanda

Sawa, lazima wengine wafunge. Mbona afunge anayepata faida?

Karata Tatu

Hapo Hesabu kakamatwa koo, ha ha.

Nami niseme kwa upande wa mchezaji, maana nimekwenda Vegas mara tano na nimeliwa mara nne. Zamani kwenye meza ya blackjack ukiweka dola 10 ukapata blackjack yenyewe, yaani karata mbili za mwanzo zinazotimiza 21, unalipwa 15. Siku hizi meza nyingi za dau dogo pale Strip, mtaa mkuu wa kasino wa Las Vegas, zinalipa 12. Karata ni zilezile, furaha ileile, umekatwa dola tatu. Maegesho yalikuwa bure miaka na miaka. 2016 MGM wakaanza kutoza, Caesars wakafuata. Ada ya hoteli, ile inayoongezwa juu ya bei ya chumba uliyoiona kwenye tangazo: Caesars walikuwa wakijisifu hadharani kwamba hawatozi, 2013 wakajiunga na msafara. 2005 MGM walichukua kampuni ya Mandalay, Harrah's wakachukua Caesars, Strip ikawa kama ya watu wawili. Wakiwa wawili hawahitaji hata kukutana wapange bei. Mmoja anatoza, mwingine anachungulia dirishani kuona kama watu wanaondoka.

Msema Kweli

Ndugu zangu, mnaililia bei ya kamari? Kamari ni haramu, iwe ya bwana mmoja au mabwana kumi. Ikiwa ghali ndiyo heri, watu watarudi makwao. Mimi naunga mkono wamezane mpaka abaki mmoja, kisha huyo naye afe.

Karata Tatu

Ustadhi, ingekuwa hivyo ningenyamaza. Mcheza kamari haondoki kwa sababu malipo yamepungua. Wengi hata hawasomi maandishi ya kwenye kitambaa cha meza. Hela inamwishia haraka zaidi, basi, anakwenda kwenye mashine ya kutolea pesa.

Hesabu Kali

Na hizo meza za 12 ziko pia kwenye kasino zisizo za MGM wala Caesars. Msitwike muungano kila mzigo.

Wakili wa Jioni

Nimesoma mada yote na naona mleta mada ameuliza swali ambalo halikuwa mezani. Marekani mara nyingi wakaguzi hawasemi ndiyo au hapana, wanasema "ndiyo, lakini". Tume ya shirikisho inayosimamia ushindani iliupitisha muungano kwa sharti la kuuza kasino moja ya Ziwa Tahoe na nyingine ya Shreveport, Louisiana, kwa sababu sehemu hizo Eldorado na Caesars walikuwa wapinzani wa ana kwa ana. New Jersey wakadai dola milioni 400 zitengwe kukarabati majengo ya Atlantic City. Indiana ndio waliokaza kamba zaidi: waliona kampuni mpya ingeshika sehemu kubwa mno ya soko la jimbo, wakaiamuru iuze baadhi ya kasino zake. Kasino ya kusini mwa jimbo ikaenda kwa Wacherokee wa Mashariki, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, kwa milioni 250.

Angalieni kipimo kinachotumika: soko ni mji, au bonde, au umbali ambao mtu anaweza kuendesha gari akacheze arudi alale. Kwa kipimo hicho, Eldorado wenye kasino Ohio na Caesars wenye majumba Las Vegas hawagombanii mteja mmoja. Ndiyo maana walipita.

Kibatari (mleta mada)

Kipimo hicho ndicho kinachonikera, wakili. Caesars ina kadi ya uanachama wa wateja. Bibi wa Ohio anacheza sloti karibu na kwake, anakusanya pointi, mwisho wa mwaka pointi zinamlipia chumba Las Vegas. Wakati wa ile kesi ya ufilisi wadai waliithamini kadi hiyo kwa zaidi ya dola bilioni 1, kuliko jengo lolote. Sasa utasemaje Ohio na Las Vegas ni masoko mawili, wakati mali yenye thamani kuliko zote ni ile inayoyaunganisha?

Wakili wa Jioni

Hoja nzuri. Sina jibu la haraka.

Mpangaji

Nyote mnagombana kuhusu jogoo, na banda lina mwenyewe. Caesars ilipotoka mahakamani Oktoba 2017, majengo yake mengi yalitengwa yakapewa kampuni mpya, VICI Properties. Caesars Palace yenyewe ni ya VICI. Caesars ni mpangaji, analipa kodi ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka, mvua inyeshe jua liwake. Ndiyo maana chatu mdogo aliweza kummeza ng'ombe: mifupa mizito ilikuwa imekwisha kutolewa, na hata siku ya kutangaza ununuzi VICI walikuwepo, wakitoa fedha kwa kuchukua majengo mengine.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2022 VICI wakainunua kampuni iliyokuwa ikimiliki majengo ya MGM, bilioni 17.2. Kwa hiyo MGM Grand na Caesars Palace, wale wapinzani wawili wa Karata Tatu, leo wanapeleka kodi kwa mwenye nyumba mmoja. Muungano mkubwa kuliko wote ulifanyika juu ya ardhi, na sisi tulikuwa tunatazama mabango.

Kodi hiyo ndiyo inayomfanya meneja aongeze vyumba viwili kwa zamu, Mama Vitanda. Mishahara na maegesho ndivyo vitu pekee ambavyo mkono wake unafika.

Hesabu Kali

Kwa hilo nainamisha kichwa kidogo. Deni la mkopo unaweza kulipunguza. Walijaribu, 2024 wakauza hata mashindano yao ya poka ya dunia kwa milioni 500. Kodi ya pango huilipi ukaimaliza. Lakini angalieni, hilo ni tatizo la kuuza majengo. Bado hamjanionyesha ubaya wa kuungana.

Mama Vitanda

Kaka Mpangaji, asante kwa maelezo, ila usimtetee sana meneja. Las Vegas mkono huohuo ulifika kwingine. Novemba 2023 chama cha wafanyakazi wa hoteli na jikoni kilikuwa tayari kugoma. Caesars wakasaini kwanza, MGM siku iliyofuata. Kumbe pesa zilikuwepo.

Hesabu Kali

Na hapo ndipo ukubwa ulipowasaidia wafanyakazi, dada. Meza moja, mkataba mmoja, maelfu ya watu wakapata nyongeza siku moja. Wangekuwa matajiri kumi na tano tofauti mngezungushwa mwaka mzima.

Mama Vitanda

Las Vegas, ndiyo. Kule chama kina watu kama 60,000. Mkubwa akikutana na mkubwa wanaheshimiana. Reno mjini walikoanzia hao Eldorado, kuna nini?

Kibatari (mleta mada)

Reno nina habari zake kwa shemeji. William Harrah alianza na bingo pale mwaka 1937, na Harrah's yote ilitokana na hiyo. Harrah's Reno ilifungwa Machi 2020 na kasino zote za Nevada, amri ya corona. Nyingine zikafunguliwa Juni. Hiyo haikufunguliwa tena kamwe. Na Eldorado wana kasino tatu zilizounganishwa kwa madaraja ya ndani, mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Wakili wa Jioni

Haki itendeke: kuuzwa kwa Harrah's Reno kulitangazwa Januari 2020 na Caesars pamoja na VICI, kabla muungano haujakamilika.

Kibatari (mleta mada)

Kabla haujakamilika, lakini miezi saba baada ya kutangazwa. Nimemtumia shemeji tarehe hizo mbili. Amesoma, alama mbili za bluu zimetokea, hajajibu tangu saa nane mchana.

Pwani Tulivu

Kule saa nane yetu ni usiku wa manane, mkuu. Mwache alale.