Tupeane uzoefu: gari la spoti limezeeka, spana umeshika mwenyewe

Pua Juu (Jinja), mwanzisha mada

Wakuu, salamu. Mada hii ni ya sisi wenye magari ya spoti yaliyokula chumvi nyingi: Impreza, Celica, Roadster, Altezza na ndugu zao. Nataka visa vya kazi ulizofanya kwa mikono yako, hasa zile ulizoharibu. Ya kujisifu tuyaweke kando kidogo.

Naanza mimi. Nina Impreza WRX ya 1997, bodi ya aina ya GC8, injini EJ20 yenye tabo (kile kifaa kinachoisukumia injini hewa). Mwaka jana rejeta lilipasuka pale juu, plastiki inapokutana na alumini. Plastiki ile ilikuwa imegeuka kahawia. Ukiiona hivyo, jua siku zake zinahesabika. Nikapata jingine Kisekka, soko la vipuri pale Kampala, limetoka kwenye gari lililokatwa Japani, nikalifunga asubuhi moja. Bolti mbili juu, mipira miwili, feni mbili. Nikajiona fundi kamili.

Kesho yake nikatoka kwenda Kampala. Mabira nilipita salama. Lugazi, kwenye foleni, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikafungua hita ili nipunguze moto wa injini, ikanipulizia baridi! Injini inachemka, hita inatoa upepo wa asubuhi. Nikaweka gari pembeni, kijana wa bodaboda akachungulia na kusema, "Mzee, maji yamekwisha." Hayakuwa yamekwisha. Upepo ulikuwa umenaswa ndani.

Silinda za injini hii zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, na upepo una vichochoro vingi vya kujificha. Ukimimina kulanti (maji ya kupozea injini) haraka haraka, utaona imejaa kumbe ndani ni mapovu. Siku hizi napandisha pua ya gari kwenye mbao mbili nene, hita naifungua hadi mwisho wa moto, nalegeza kale kaskrubu ka plastiki kwenye kona ya juu ya rejeta, halafu namimina kupitia kile kitangi cha karibu na tabo, polepole kama mtu anayejaza kibatari. Mipira naiminya kwa mkono huku nasikiliza. Ikilia glu-glu, bado. Nikiwasha, nasubiri feni iwake na kuzima mara mbili, na hita itoe moto wa kweli. Inakula kama dakika 40. Hita isipochoma vidole, gari halitoki getini.

Spana Kumi (Tororo)

Mwanzisha mada, wewe una bahati. Mimi nilibadilisha thamostati, nikabadilisha pampu ya maji, nikaanza hata kuulizia bei ya gasketi ya silinda hedi. Kumbe ni kifuniko cha rejeta. Mpira wake wa chini ulikuwa mgumu kama kwato.

Watu hawafikirii hili: huku tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima kinachoshikilia baa 1 ndicho kinachoyafanya yavumilie hadi karibu 118. Kikichoka, maji yanachemka mapema na unaanza kushitaki injini isiyo na kosa. Nunua kifuniko kabla hujanunua pampu.

Mama Roadster (Makindye)

Haya, na sisi wanawake tupo. Langu ni Eunos Roadster ya 1991, ile 1.6 yenye taa za kuinuka. Nyie mnalia na moto, mimi nililia na maji ya mvua. Aprili moja kila nikifunga breki, miguu inaoga. Nikashuku turubai, nikabandika gundi kila mahali, mikono ikakaa na gundi wiki nzima. Bure.

Nyuma ya viti, kwenye kila kona turubai linapokunjwa, kuna tundu la kutolea maji, linashuka hadi chini karibu na gurudumu la nyuma. Yangu yote mawili yalikuwa yamejaa majani ya mwembe na udongo. Usiingize waya mkali, utatoboa mpira ulioko chini. Nilichukua waya wa breki ya bodaboda, nikazungushia selotepu kwenye ncha mpaka ikawa kama kijiti cha sikio, nikausukuma huku nauzungusha. Kwanza kikatoka kitu kama ugali mweusi, halafu maji yakashuka yote kwa mkupuo, yakanilowanisha viatu. Lakini nilikuwa nimechelewa: pembe ya chini ya mlango wa kushoto ilishaoza, fundi wa kuchomelea Katwe akaikata na kuweka bati jipya.

Siku nyingine taimingi belti, ile inayopanga mwendo wa valvu na pistoni, ilikatika nikiwa Mukono. Nilikaa kando ya barabara nikihesabu gharama ya valvu zilizopinda. Hazikupinda. Injini ile ya 1.6 ni ya amani, pistoni na valvu hazikutani hata belti ikikatika. Belti mpya, ikawaka kwa mara ya kwanza. Wenye EJ20 ya kamshafti (shafti za kufungua valvu) nne msijaribu bahati hiyo, zenu zinagongana.

Na taa zikikataa kuinuka usiku: chomoa fyuzi yake kwanza, fungua boneti, toa kile kikofia cha mpira juu ya mota, zungusha kitufe kwa mkono. Fyuzi kwanza, nasema. Mota haina huruma na vidole.

Kijana wa Ndeeba

Mimi nitasema ukweli wangu hata mkinicheka. Gari yangu ni Altezza RS200, gia sita. Nilitaka ikae chini kama za kwenye picha. Springi za kushusha ni ghali, nikachukua grainda, nikakata duara moja na nusu kila springi. Ilikaa chini vizuri sana. Siku mbili.

Kwanza matuta: ekzosi ikawa inapiga salamu kwa kila tuta. Halafu nikapiga jeki kubadilisha tairi, gurudumu likaning'inia, nikasikia "tak". Springi fupi haikuwa tena na mbano, ilichomoka kwenye kikalio chake. Nikishusha, ikakaa upande. Kutoka hapo gari ikawa inalia kila kona kama kitanda cha zamani. Nimerudisha springi origino, zimetoka kwenye Altezza iliyochinjwa.

Ila bushi za mikono ya chini, yaani mipira ya viungo vinavyoshika gurudumu, nilifanya mwenyewe na zilitoka vizuri, baada ya kuharibu seti ya kwanza. Kuzitoa nilitumia bolti ndefu, kipande cha bomba la maji na soketi kubwa. Unakaza nati, bushi inatembea. Seti ya kwanza nilizikaza gari ikiwa juu, magurudumu yananing'inia. Niliposhusha, mpira ukabaki umejisokota muda wote, na miezi mitatu ukachanika. Ya mwisho kukaza ifanyike magurudumu yakiwa yamebeba uzito. Hili hakuna aliyeniambia.

Afande Mstaafu (Bombo)

Kijana wangu, sikucheki. Mimi nilifanya baya zaidi, maana lilikuwa breki.

Celica GT-Four. Nilibadilisha diski na pedi, nikaita mtoto wangu akae ndani tutoe upepo kwenye mabomba ya breki. Mimi chini na spana, naamrisha: "Kanyaga! Shikilia!" Nafungua. Nafunga. "Achia!" Mtoto akawa anaachia anapochoka, si ninaposema, na kila akiachia mapema tunavuta upepo mpya ndani. Tumemaliza chupa nzima, pedali bado laini kama andazi. Akaniambia, "Baba, si useme 'achia' kabla sijachoka?" Nikakosa jibu. Siku hizi mrija unazama kwenye chupa yenye mafuta ya breki kiasi, hata akikosea unavuta mafuta, hauvuti upepo. Naanza na gurudumu lililo mbali kabisa na masta (silinda kuu ya breki).

Lakini kosa kubwa lilitangulia hapo. Mafuta yale ya zamani yalikaa miaka minne. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. DOT 4 mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishakunywa maji, kiwango kinaweza kushuka hadi karibu 155. Nikiteremka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale, mguu ukaenda hadi sakafuni. Nilirudi gia ya pili, nikavuta handibreki kidogo kidogo, nikasimama kwenye majani ya mtu. Mama mwenye shamba hakuniuliza kitu, alileta maji ya kunywa.

Mgeni wa Mbarara

Jeki ni ya kuinulia gari, si stendi ya kulishikilia. Nimemaliza. (Nina kovu.)

Pua Juu (Jinja)

Afande, pole sana, na shukrani. Mgeni, ukipata nafasi tusimulie.

Wengi wameniuliza faragha juu ya belti ya EJ20. Kitabu kinasema kilomita 100,000, ila gari likishakuwa na umri huu siamini namba ya dashibodi, nilibadilisha nilipolinunua. Tangu sheria ya Uganda ya 2018 ifunge mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi, GC8 nyingine haiji nchini, kwa hiyo iliyopo hatuichezei.

Mtego uko kwenye puli ya meno ya krenki (shafti kuu ya injini), ile inayovuta belti. Ina mshale mkubwa unaoita macho, na mshale huo siyo alama. Alama ni kamstari kadogo kwenye jino la nyuma. Mimi nilifuata mshale. Kilichoniokoa ni kwamba kabla ya kuwasha nilizungusha krenki kwa mkono, spana ndefu, na ikagoma nusu njia. Niliacha hapo hapo, nikafungua upya. Mara ya pili nilipaka kila alama rangi ya kucha, nyekundu, ile ya mke wangu, kisha nikazungusha mizunguko miwili kamili na kuhesabu meno ya belti kati ya alama hadi alama.

Injini iliwaka. Chupa ya rangi bado nadaiwa.