Tupeane uzoefu: unalindaje vidole visitoke malengelenge?

Wakuu, uzi huu ni wa wote wanaopiga vyombo kwa vidole au viganja. Nafundisha gitaa, na kila mara naona watu wenye sikio zuri wakiacha mapema kwa sababu ncha za vidole zinawaka moto. Inaniuma sana. Naanza, kisha kila mtu aweke lake.

Kauli ya "vumilia tu, ngozi itakomaa" siikubali. Lengelenge hutokea ngozi ya juu inapovutwa huku na huku mpaka ikaachana na tabaka la chini, maji yakajaa katikati. Sugu huja kwa mgandamizo mdogomdogo unaorudiwa huku ngozi ikipata muda wa kunenepa. Kwa hiyo anayejifungia Jumamosi nzima na gitaa hupata malengelenge, na anayepiga dakika 15 au 20, akapumzika, akarudi jioni, hupata sugu. Wiki 2 hadi 4 za mwendo huo huwatosha wengi.

Pia angalieni chombo chenyewe. Nyuzi zikikaa juu sana ya shingo ya gitaa, kidole kinafanya kazi ya bure. Mpelekee fundi azishushe. Anayeanza na akustiki (gitaa lisilo la umeme) afunge nyuzi nyembamba, za namba 10 au 11 badala ya 12, au ashushe tyuni nusu toni. Bonyeza karibu kabisa na freti (vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo ya gitaa), na ukisikia sauti imetoka safi, usiongeze nguvu.

Mpiga besi:
Kwetu anayeumia ni mkono wa kuchapa, vidole vya shahada na cha kati. Dawa yangu ni kuongeza sauti ya ampu na kuchapa taratibu. Bendi ikikuzidi sauti, mkono unaanza kupigana na nyuzi bila wewe kujua. Tangu nihamie nyuzi bapa, zile zisizo na mikwaruzo, nafika mwisho wa shoo nikiwa mzima.

Mpiga konga:
Tepu ya michezo, mkuu. Nazungushia pingili kabla ya shoo ndefu, siyo baada ya kuumia. Usikaze, kidole kikianza kufa ganzi fungua. Pete zote zivuliwe. Mafuta ya ngozi napaka usiku tu, ili sugu zisipasuke. Ukipaka kabla ya kupiga, ngozi inalainika na kuchunika.

Mpiga dramu:
Langu fupi. Malengelenge kati ya dole gumba na shahada yananiambia nimekaba vijiti. Nalegeza mkono, nafuta jasho kila wimbo ukiisha. Glavu zinasaidia ila sizipendi.

Mgeni:
Samahani wakubwa, nina onyesho kesho na kidole kimejaa maji. Nilitoboe?

Mpiga fidla (ni muuguzi pia):
Usitoboe, ndugu yangu. Ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Osha kwa maji na sabuni, kausha, funika kwa plasta ya jeli, na leo pumzisha kidole hicho kabisa. Likipasuka lenyewe, usikate ngozi iliyobaki. Ilaze mahali pake kisha funika. Ukiona wekundu unaosambaa, joto, usaha au homa, nenda hospitali. Mwenye kisukari asisubiri dalili hizo, aonyeshe kidonda mapema.

Mpiga gitaa la umeme:
Vipi kuhusu gundi kali? Nasikia Stevie Ray Vaughan, yule mpiga gitaa wa blues wa Marekani, aliitumia kwenye vidole.

Mpiga fidla:
Ndiyo, inasimuliwa hivyo, na yeye alifunga nyuzi nene za 13. Lakini gundi ya dukani inawasha ikigusa nyama mbichi, na inafungia uchafu ndani. Mimi siishauri juu ya kidonda hata siku moja.

Mwanzisha uzi:
Asante sana, dada. Mgeni, kesho chagua nyimbo zisizo na kuvuta nyuzi pembeni ili kupandisha sauti (bending), maana kule kuvuta ndiko kunakochubua zaidi, na omba mwenzako akupokee solo. Vidole vikioshwa kwa maji ya moto vinalainika, kwa hiyo oga mapema, viwe vikavu kabla ya kupanda jukwaani.

Bado nasubiri wapiga kinubi na wa besi kubwa ya kusimama. Ninyi mnafanyaje?