Muuzaji wa mtandaoni ameniuzia uzi wa pamba nishonee begi la mlimani! Kama ulinunua kifurushi chake, fumua leo

Wakuu, wiki mbili nimejizuia. Leo naandika.

Naongoza wageni Kilimanjaro, nakaa Moshi. Begi langu la zamani, likiwa tupu, lilikuwa na kilo mbili na ushee. Mwaka huu nikaokota pale soko la Memorial mtumba mzuri sana, lita 50, naironi nyembamba ile ya vimiraba iliyopakwa silikoni, halifiki hata kilo moja. Kasoro yake moja tu: mgongo wake mrefu kwangu. Mkanda wa kiuno ulikuwa unanikalia kwenye makalio badala ya nyonga, kwa hiyo mzigo wote unabaki mabegani. Dawa yake inajulikana, unafumua mikanda ya mabega, unaishusha sentimita kama 4, unashona upya.

Ndipo nikakutana na muuzaji mmoja wa mtandaoni, anauza "kifurushi cha kurekebisha begi jepesi nyumbani". Shilingi 65,000. Uzi, sindano, utepe wa kuziba mshono, karatasi ya maelekezo. Kaandika kabisa kwamba ni vifaa vya mlimani.

Nikafuata ile karatasi neno kwa neno. Inasema piga mshono mmoja ulionyooka, hatua fupi fupi "ili ushike". Kisha bandika utepe ndani kwa pasi. Ule utepe haukushika hata robo saa, ulibanduka kama ganda la ndizi. Nilipoongeza moto kidogo, kitambaa kikajikunyata, na lile kunyanzi lipo mpaka leo. Hapo ningeshtuka. Nikadhani nimekosea mimi.

Tukapanda kwa njia ya Machame. Mvua ilitukuta msituni siku ya kwanza, begi likalowa kwenye mishono yote. Siku ya nne asubuhi tuko Ukuta wa Barranco. Mnaopajua mnanielewa: pale mikono yote miwili iko kwenye jiwe. Mgongoni nina dawa za dharura na chupa ya oksijeni ya wageni. Nikasikia tra! Mkanda wa kulia umeng'oka wote, begi likazunguka kushoto likanivuta nalo. Mgumu mmoja, yaani mpagazi, aliyekuwa nyuma yangu alinikamata kwa koti. Angechelewa kidogo tu, leo mngekuwa mnasoma habari nyingine kabisa.

Nilipofika nyumbani nikauchoma ule uzi kwa kiberiti. Poliesta au naironi ukiichoma inayeyuka, inaacha kidonge kigumu ncha ya uzi. Huu uliwaka moto, ukatoa harufu ya karatasi, ukabaki majivu. PAMBA! Uzi wa kushonea shati! Unanyonya maji, unasuguka unakatika, ukikaa na unyevu unaoza. Fundi viatu yeyote wa hapa mjini hawezi kukuwekea uzi huo kwenye mkanda unaobeba mzigo, na uzi wake mzuri anakupimia kwa hela ndogo tu.

Na hata uzi ungekuwa mzuri, maelekezo yenyewe ni ya kuua. Kitambaa chembamba ukikitoboa matundu yaliyobanana kwenye mstari mmoja umekiandaa kichanike hapo hapo. Mkanda wa bega unatakiwa kiraka cha kitambaa kizito kwa ndani, na mshono wa mraba wenye msalaba katikati, mvuto ugawanyike. Utepe wa pasi nao haukamati kwenye silikoni, silikoni inazibwa kwa gundi ya silikoni. Haya nimekuja kufundishwa na mama mmoja fundi wa mahema, kwa dakika kumi, bure, baada ya kuuona ule mkanda. Mtu anayejiita mtaalamu wa mabegi anakosaje kuyajua?

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, na picha nikamtumia. Jibu lake: "Kaka, tatizo ni ushonaji wako." Nikamwambia achome uzi wake mwenyewe aone. Akanibloku. Tangazo bado liko hewani, na sasa anawalenga wagumu, vijana wanaojichanga hela za safari mbili ili wapunguze uzito mgongoni. Hapo ndipo damu inachemka.

Nataka 65,000 yangu. Nataka na lile tangazo lishuke kabla mtu mwingine hajapanda na begi lililoshonwa kwa uzi huu.

Uzi uliobaki ninao, karatasi ninayo, mkanda uliong'oka ninao na nyuzi zake zikining'inia. Nani mwingine amenunua? Choma kipande hata cha inchi moja, uniambie kimeyeyuka au kimeacha majivu. Na kama una safari wiki hii, fumua hiyo mikanda usiku huu huu, peleka kwa fundi.