Mjadala: Je, kampuni za simu zilazimishwe kutumia viwango huria katika mifumo yao ya biashara?

Mkaazi wa Mkomani, Lamu
Asalaam aleikum, ndugu wa Lamu na Malindi. Swali langu ni hili: je, Mamlaka ya Mawasiliano izilazimishe kampuni za simu kufuata viwango huria, yaani kanuni za kiufundi zilizo wazi kwa yeyote kuzitumia, katika mifumo inayoshika orodha ya vifurushi, maagizo ya wateja, bili na malalamiko? Siongelei minara. Huko walikwisha kuafikiana zamani, tangu simu ya kwanza ya GSM, kile kiwango cha pamoja cha mitandao ya simu za mkononi, ilipopigwa Finland mwaka 1991, na ndiyo sababu laini iliyosajiliwa hapa Amu hushika mtandao hata Muscat. Ni huku ofisini ambako kila kampuni imejijengea boma lake. Viwango vyenyewe vipo: TM Forum, muungano wa kampuni za simu na wauzaji wa programu ulioanza mwaka 1988, umechapisha API zake, yaani kanuni za namna programu moja inavyozungumza na nyingine: TMF620 ya katalogi ya bidhaa, TMF622 ya maagizo, TMF678 ya bili, nazo zimetolewa kwa leseni ya Apache 2.0 ambayo haimtozi mtu senti. Rai yangu ni kwamba zilazimishwe. Watakaopinga, nawajua, ni mawakala wanaokula kamisheni kwa sababu mfumo umefungwa.

Wakala wa Langoni, Lamu
Waaleikum salaam. Sikuwa na nia ya kuchangia, lakini hilo la kamisheni limenifikia. Kamisheni ya wakala hupangwa na kampuni, nasi huisoma kwenye ujumbe wa simu kama watu wengine wote. Mteja akikatwa bando mara mbili haendi kwa aliyeandika programu; huja kaunta kwangu, akaiweka simu juu ya daftari langu la miamala, akasubiri nimjibu. Nikipiga huduma kwa wateja, wa kwanza huona kwamba bando limenunuliwa mara moja, wa pili huona mara mbili, na wa tatu huniambia niwaite watu wa bili. Mfumo uliofungwa unanila mimi kabla ya kumla mteja, kwa hiyo bwana wa Mkomani atafute adui mwingine.

Fundi wa Maweni, Malindi
Ndugu zetu wa Lamu wapunguze jazba kidogo, tuuangalie mfumo wenyewe. Nimefanya kazi ya mkataba ya kuunganisha mifumo katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Mhudumu wa duka alikuwa akifungua skrini tatu kwa mteja mmoja: ya usajili, ya salio na ya malalamiko, na namba ya mteja ilikuwa tofauti katika kila moja, akiinakili kwa kalamu kutoka hii hadi ile. Kwa hiyo anayoyasimulia wakala ni kweli tupu. Lakini kulazimisha peke yake hakutaponya. API hizo za TM Forum zimeandikwa kwa makusudi ziweze kupanuliwa: kila muuzaji ana ruhusa ya kuongeza sifa zake na aina zake za bidhaa juu ya zile za msingi. Mifumo miwili inaweza kuwa na cheti cha kufuata TMF620, na bado kifurushi kilichoundwa katika mmoja kisieleweke katika wa pili. Mamlaka isipotamka ni sehemu zipi zisiguswe, agizo hilo litabaki karatasi.

Binti wa Shela, Lamu
Shela ya Lamu, si ile ya Malindi, nisije nikahesabiwa miongoni mwa wasio na jazba. Fundi, anayedai haki yake kwa sauti haimaanishi hakufikiri. Sisi tumeshaona agizo la lazima. Si waliamuru namba zihamishike kutoka kampuni hadi kampuni, mwaka 2010 au 2011 hivi? Waliohama ni wangapi? Ubao wa tangazo ulidumu kuliko huduma.

Mkaazi wa Mkomani, Lamu
Ni Aprili 2011, Bi Shela, na mfano wako unanisaidia mimi. Namba ilihama, pesa haikuhama. Mtu mwenye M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, angewezaje kuondoka na namba huku mkoba wake ukibaki nyuma?

Wakala wa Langoni, Lamu
Sasa umeingia kwenye kazi yangu. M-Pesa haikuwa hata nchini. Seva zake zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mitandao kulikuja mwaka 2018, na kulipa kwa namba ya till ya mtandao mwingine kukaja 2022. Hatua zote hizo mbili zilihitaji serikali isukume, na katika zote mbili mteja alipata nafuu bila ya kujua API ni kitu gani.

Binti wa Shela, Lamu
Basi tuache namba, tuulizane kumbukumbu za mteja ni mali ya nani. Miaka yote niliyolipa, bando nilizonunua, malalamiko niliyoandikisha: nikihama, ninahama mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 si inanipa haki ya kuzichukua?

Fundi wa Maweni, Malindi
Inakupa, kifungu cha 38, katika muundo unaotumika sana na unaosomeka na mashine. Haitaji TMF678 wala kiwango kingine. Kampuni ikikupa jedwali la Excel lenye safu ilizozibuni yenyewe, itasema imetii, na kampuni unayohamia italifungua, italitazama, kisha italifunga. Swali langu la upanuzi bado halijaguswa na yeyote.

Mkaazi wa Mkomani, Lamu
Tutalifikia. Kwanza wakala atueleze: mteja akihama na kumbukumbu zake, yale yaliyoandikwa katika daftari lake la miamala yatahama pia?

Wakala wa Langoni, Lamu
Daftari lina majina na namba za vitambulisho za watu wengine, sheikh. Halitoki kaunta.