Ankara, barua au kadi? Karatasi za maduka ya nguo ya karne ya 19

Msafiri_Kkoo: Wakuu, habari zenu. Mfuko unaruhusu kitu kimoja tu. Nimepata vitatu, vyote vya Marekani: ankara (bili) ya duka la vitambaa na nguo la New York ya 1867, barua yenye picha ya jengo la duka juu yake, na kadi ya rangi ya kutangaza cherehani. Bei hazipishani sana. Nichukue ipi?

Mzee wa Stempu: Ankara, wala usijiulize. Nyingi zilichapwa mwaka "186" tu, karani akamalizia tarakimu ya mwisho kwa kalamu. Humo utasoma yadi ngapi, vifungo darzeni ngapi, koti bei gani. Tafuta na stempu ya kodi ya senti 2: miaka hiyo ya 1860 risiti zilitozwa kulipia gharama za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Ikiwa imefutwa kwa kalamu, mara nyingi utakuta herufi za jina na tarehe.

Dada Uzi: Mzee na stempu zako! Mimi kadi. Zilivuma sana baada ya maonyesho ya Philadelphia ya 1876, na rangi zake mpaka leo zinang'aa.

Mzee wa Stempu: Zinang'aa, mwanangu, sikatai. Ila picha moja ilichapwa kwa wingi, kila duka likaongeza jina lake. Ankara yako iko moja tu duniani.

Fundi Karatasi: Kabla hujalipa, imulike kwa ile taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi ikiwaka buluu, hiyo ni ya juzi, achana nayo. Ile barua usibabaike na jengo, wenye maduka walipenda kujichorea ghorofa kubwa kuliko walizokuwa nazo. Ukishanunua, usimpe mtu wa fotokopi aifunike plastiki kwa joto! Wino wa zamani una chuma, unakula karatasi polepole. Iweke gizani, pakavu.

Msafiri_Kkoo: Muuzaji kanitumia picha. Mstari wa tatu: yadi 30 za pamba isiyopaushwa. Si ndiyo merikani hiyo?

Mzee wa Stempu: Ndugu yake kabisa. Meli za Salem, bandari ya Marekani, zilikuwa zikiileta Zanzibar mpaka vita hivyo, vilivyoanza 1861, vikaikatiza.

Msafiri_Kkoo: Basi nimeshalipa. Dada Uzi, kadi bado ipo, iwahi.